Huduma ya Kuuza na Kugawa Vyombo vya Nyumbani kwa Wanaohamia Ng'ambo: Tathmini ya Mteja

Nilipothibitisha tarehe ya kuhama, nilibaki na wiki sita za kuiacha nyumba ikiwa tupu. Kwa kuwa nilikuwa bado kazini, niliikabidhi shughuli hiyo kampuni ndogo ambayo, kwa malipo ya kamisheni, huuza vyombo vinavyouzika, hugawa vinavyofaa kutumika na huondoa vilivyochakaa. Ilinisaidia sana katika jambo moja na kuniumiza katika jingine, na ningependa anayejiandaa kuhama ayajue yote mawili kabla ya kutia saini.

Nianze na msaada. Mkaguzi wao alipofika hakuuliza kwanza bei ya kitu chochote, bali aliuliza, kwa kila kimoja, siku ya mwisho ambayo ningekihitaji. Kwa kipimo hicho kabati la vitabu liliondoka wiki ya kwanza, meza ya kulia ikafuata, na godoro pamoja na jokofu vikabaki hadi mwisho ingawa vilikuwa vimekwisha kulipiwa. Katika risiti ya jokofu waliandika kwamba litazimwa na kuachwa wazi saa 24 kabla ya kuchukuliwa, ili barafu iyeyuke na maji yafutwe humu humu ndani, yasije yakamwagika njiani. Mnunuzi alilikuta kavu, nami sikulala hata usiku mmoja sakafuni. Watu niliowajua waliouza kila kitu mapema hawakupata raha hiyo.

Mkaguzi huyo alinifumbua macho pia kuhusu vitu nilivyokuwa nimeng'ang'ania kusafiri navyo. Shehena inayochanganywa na ya wengine katika kontena la meli kwa kawaida hutozwa kwa mita za ujazo, kwa hiyo kochi jepesi laweza kugharimu kuliko masanduku kadhaa ya vitabu. Kwa ndege, urefu, upana na kina kwa sentimita huzidishwa, kisha jibu hugawanywa mara nyingi kwa 6,000; sanduku la 60 kwa 50 kwa 40 huhesabiwa kilo 20 hata likiwa limejaa mito mitupu. Nilikokuwa nikienda umeme ni wa volti 120, na pasi yangu na birika langu vilitengenezwa kwa volti 230. Nilikuwa nimeshanunua adapta, nikidhani inatosha, kumbe adapta ya kawaida hubadilisha umbo la plagi tu na haigusi volti. Chaja ya kompyuta, iliyoandikwa 100 hadi 240, ndiyo iliyostahili nafasi begini.

Sasa maumivu. Vitu vidogo vilikusanywa kwa siku moja na wafanyakazi wengine kabisa, ambao hawakuwa na orodha ya mkaguzi. Walivitia mifukoni chumba baada ya chumba, na kopo la vifungo la marehemu mama yangu, nililokuwa nimelitenga juu ya rafu pamoja na vitu vya kusafiri navyo, likaingia katika furushi la vifaa vya kushonea na kuuzwa jioni hiyo hiyo. Nilipolalamika, waliomba radhi kwa adabu na kunilipa fidia ya kopo kuukuu, kama mkataba ulivyosema. Hawakuvunja neno lolote la mkataba. Mkataba wenyewe ndio haukuwa na mahali pa kuandika kwamba kitu fulani hakiuzwi. Vifungo hivyo nilivichezea nikiwa mtoto nikijifunza kuhesabu, na hadi leo ninavikumbuka kwa rangi zake.

Kwa samani na vyombo vya umeme ningewaita tena bila kusita. Kwa vitu vidogo ningesubiri waniletee orodha ya kila chumba, tuisome pamoja na mkaguzi yule yule na tuitie saini sote wawili, na vitu vya kusafiri navyo ningevihamishia kwa jirani kabla mfanyakazi yeyote hajaingia. Wiki ya mwisho, baada ya tukio hilo, niliwazuia kuchukua vikombe na mimea iliyokuwa dirishani, nikaigawa mwenyewe. Aliyechukua mmea mkubwa aliniuliza humwagiliwa mara ngapi, akaandika jibu langu kwenye karatasi na kuibandika chunguni.