Jahazi la siku nzima Musandam: lipieni hili, lile la nusu siku liacheni

Nimeshaenda Khasab, mji wa bandari kwenye rasi ya Musandam huko Oman, mara mbili, nawaandikia hasa nyie mnaofanya kazi Dubai na Ras Al Khaimah maana kila wikiendi naona watu wanaulizana ile safari ya jahazi Musandam inafaa au hela inaenda bure. Inafaa, tena sana, ila inategemea umepanda boti ya nani.

Mara ya kwanza nilichukua ile ya nusu siku, nauli ya basi na chakula humo humo, kampuni siitaji. Muziki juu mwanzo mwisho, muongozaji kaongea dakika tano, katuonyesha pomboo, kasema hapa ndo Norwei ya Arabia, haya tugeuze. Iliniuma kwa kweli. Kwanza Norwei siyo, kule mabonde yalichongwa na barafu, haya ya Musandam ni mabonde ya mvua yaliyozama. Ardhi ya Arabia inasukumwa chini ya Iran, rasi yote inainamia kaskazini na kushuka pole pole, bahari ikaingia mabondeni na milima ikabaki imesimama ndani ya maji. Ukikaa kwenye boti unaona kabisa matabaka ya mawe yamelala mshazari yanaingia majini, kama chapati kwenye sahani iliyoinamishwa. Na juu kule Jabal Harim, zaidi ya mita 2,000, kuna makombe ya baharini na samaki waliogeuka mawe, yaani kilele kile kilikuwa chini ya bahari. Sasa mtu unampeleka mahali kama hapo halafu unamwekea muziki tu?

Mara ya pili mama alikuja kunitembelea kutoka Tanga, nikasema huyu simpeleki kwenye makelele. Tukaenda wenyewe mpaka bandarini Khasab tukaongea na nahodha, mzee wa hapo hapo, riyali 20 kila mtu, kuondoka saa 3 na nusu asubuhi kurudi saa 10 jioni. Mazulia na mito chini, kahawa, tende, mchana wali na samaki wa kuchoma, na samaki alikuwa fresh siyo wa friji. Mzee akawa anatuonyesha, hii ni khor fulani, ile khor fulani, mama akaniuliza taratibu, "Anasema hori?" Nikamwambia ndiyo mama, ni hori hiyo hiyo ya kwetu, mkono wa bahari unaoingia ndani. Basi kuanzia hapo wakaelewana, yeye na Kiswahili chake, mzee na Kiarabu chake, mimi natafsiri nusu tu.

Khor Sham inaingia ndani kama kilomita 16, na humo kuna vijiji ambavyo barabara haifiki kabisa, maji ya kunywa yanaletwa kwa boti na watoto wanakwenda shule Khasab wanalala huko wiki nzima. Kimoja tulipita karibu sana, nyumba chache zimebanwa na jabali, tangi la maji, mbuzi watatu kivulini na mashua moja imefungwa. Mama alikiangalia mpaka tukakata kona.

Halafu Jazirat Maqlab, watu wanaita kisiwa cha Telegrafu. Waingereza mwaka 1864 walilaza waya wa telegrafu, ule wa kupeleka ujumbe zamani, chini ya bahari kuunganisha India na Ulaya kupitia Ghuba, kituo wakakiweka hapo kwenye kisiwa kidogo cha mawe katikati ya maji ili wenyeji wa pwani wasiwaingilie. Hawakumaliza hata miaka mitano wakaondoka. Zimebaki ngazi na misingi ya kuta, na joto lile ukilisikia unajiuliza walilalaje. Ile kampuni ya kwanza hapa walituambia "ogeleeni dakika 40" na ndo hivyo, hawakusema neno.

Mkirudi msikimbilie gari, ingieni ngome ya Khasab. Ni ya Wareno, karne ya 17, walikuwa wanalinda njia ya Hormuz, mlango wa bahari ambao sehemu nyembamba hata kilomita 40 haifiki. Waomani waliwatoa Maskati 1650, na 1698 wakawatoa Fort Jesus Mombasa, kwa hiyo hizi ngome mbili ni historia moja. Uani wamepanga vyombo vya baharini vya zamani, kuna moja wanaita mashuwa, na kuna battil, aina ya jahazi, la kijiji cha Kumzar limepambwa kwa kauri, mbele na nyuma mbao zimeshonwa kwa kamba. Mama akapitisha kidole kwenye mshono akasema hili limeshonwa kama mtepe, kile chombo cha zamani cha pwani yetu.

Kumzar kwenyewe hatukufika, hakuna barabara, boti ya kwenda huko unakodi peke yake. Nataka kurudi kwa ajili hiyo tu, wana lugha yao iliyo karibu na Kiajemi kuliko Kiarabu.

Kasoro zipo. Choo cha boti ni kidogo mno kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu, na jaketi za kuokolea za watoto mpaka uulize ndo zinatolewa, ulizeni kabla kamba haijafunguliwa. Kwa gari hakikisheni bima inafika Oman, na mambo ya viza muyaangalie mapema maana unavuka mpaka. Nendeni Oktoba mpaka Aprili, kiangazi msijaribu na wazee. Asubuhi fikeni bandarini kama saa 3 kasoro, ulizia jahazi la siku nzima linalofika Maqlab, na ongea na nahodha mwenyewe kuhusu muziki kabla hujatoa hela.