Binti mtundu mwenye nguvu za ajabu: mcheshi au mwenye kinyongo?

Mpe msichana wa miaka 15 nguvu za ajabu, na utundu wake utashika njia mojawapo kati ya mbili. Wa kwanza ni mcheshi: anageuza chaki mkononi mwa mwalimu ikawa kiwavi, kisha anaangua kicheko kabla ya wote na kujiumbua mwenyewe.

Wa pili ana kinyongo. Huyu hacheki ovyo. Anamkumbuka aliyemsengenya juzi, na leo viatu vya msengenyaji vimegoma kuvuka kizingiti cha darasa.

Kama ni hadithi, namchagua wa pili (kuishi naye nyumba moja, hapana!). Mcheshi husamehewa upesi mno. Mwenye kinyongo hukesha akitafuta namna ya kulitengua alilolifanya bila kuomba radhi.