Kabla Hujanunua Seti ya Ndege, Tazama Karatasi ya Dekali

Herufi E ndiyo iliyotangulia kukatika. Nilikuwa nimeloweka maandishi ya kubandika (dekali) ya EAST AFRICAN kwenye kibakuli cha maji ya uvuguvugu, nikangoja kidogo, kisha nikayasukuma kwa ncha ya brashi yateleze juu ya bodi ya Super VC10 yangu, ndege ya abiria ya plastiki ya kujiundia kutoka kwenye seti ya vipande. Yakapasuka vipande saba. Kila nilipogusa kipande kwa kibanio, nacho kikameguka. Wiki tatu nzima nilikuwa nikipiga msasa maungio ya mabawa ya seti hiyo, niliyoinunua mtumba, boksi likiwa bado na nailoni yake.

Ndege ile ina uzito kwangu. Marehemu babu alikuwa fundi Embakasi, uwanja wa ndege wa Nairobi, enzi za East African Airways. Shirika lilikuwa na Super VC10 tano. Moja ilianguka Addis Ababa mwaka 1972, na shirika lilipovunjika mwaka 1977 nne zilizobaki zilirudi Uingereza, zikageuzwa kuwa za kujazia ndege nyingine mafuta angani.

Kwa hiyo mnaponiuliza mnunue seti gani, sitawaeleza habari za skeli (ndege halisi imepunguzwa mara ngapi) wala idadi ya vipande. Hayo yameandikwa kwenye boksi. Ulizeni dekali.

Dekali ni utando mwembamba sana uliochapwa rangi, umekaa juu ya gundi inayoyeyuka majini. Miaka ikipita utando hukauka, ukaingia rangi ya chai. Huku kwetu Mombasa kuna balaa la pili: unyevunyevu huiamsha ile gundi, karatasi laini ya kufunikia ikagandamana na picha, na ukiivuta inaondoka na nembo. Plastiki ya miaka 40 utaiunda vizuri tu. Dekali ya miaka 40 ni bahati nasibu.

Kati ya watengenezaji wa seti, namba moja kwangu ni Airfix ya Uingereza, na mapenzi yangu kwao siyafichi. Seti zao mpya zina dekali zinazochapwa na Cartograf wa Italia: nyembamba, rangi imeshiba, nyeupe haipitishi kijani cha chini. Anza na ndege ya kivita ya Spitfire Mk.Ia ya 1:72, ile inayokuja na rangi, gundi na brashi. Ikikamilika ina urefu wa sentimita 13 hivi, inakaa kiganjani. Ukikuta boksi limeandikwa Vintage Classics, jua kwamba moldi, yaani kalibu ya kumiminia plastiki, ni ya zamani.

Ya pili ni Eduard ya Ucheki. Katika seti zao za karibuni, dekali ikishakauka unaweza kuubandua utando wa juu, ikabaki rangi tupu kama imepakwa kwa mkono. Ila kwa anayeanza, vile vibati vyao vidogo vya chumba cha rubani vitamtoa machozi. Tamiya ya Japani naiweka ya tatu, ingawa vipande vyake vinashikana kuliko vya yeyote, kwa sababu dekali zake ni nene na zinahitaji dawa ya kulainisha. Zile za bei rahisi zisizo na jina, ziacheni.

Na wauzaji wetu! Boksi linaanikwa dirishani, jua la saa nane likilipiga mwaka mzima, na ukiomba kulifungua uangalie ndani unaambiwa utaharibu mali. Seti inayouzwa Uingereza pauni kumi na kitu, hapa naambiwa shilingi elfu sita. Sawa, kuna usafiri na ushuru. Lakini kwa elfu sita nina haki ya kutazama ninachonunua.

Kama umeshanunua, loweka kwanza nembo usiyoihitaji. Ikipasuka, zilizobaki zipake Liquid Decal Film ya Microscale, dawa ya maji inayokauka kuwa utando mpya, ziache zikauke, kisha kata kila moja peke yake kwa mkasi, maana utando mpya umeziunganisha zote. Zilizogeuka manjano zitie kwenye mfuko wa plastiki, uzibandike kwenye kioo cha dirisha lenye jua kwa siku kadhaa. Weupe hurudi.

Mimi sasa nawinda Super VC10 ya Roden ya Ukraine, skeli 1:144, Type 1154, aina ileile waliyotengenezewa East African. Nimempata muuzaji mmoja Nairobi. Nimemwomba anipigie picha ya karatasi ya dekali kabla sijatuma M-Pesa. Leo ni siku ya tisa, bado hajajibu.