Uzoefu wangu: kutembea kwa miguu pwani ya Liguria, Italia, na kulala hoteli ndogo za njiani

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asipoteze muda wake: nyota nne kati ya tano. Kifurushi kinastahili pesa yake, ila sehemu inayotangazwa zaidi siyo iliyo bora. Picha zote za tangazo ni za Cinque Terre, vile vijiji vitano vya rangi rangi vilivyong'ang'ania mwamba. Siku niliyoipenda mimi ni ya kutoka Camogli kwenda Portofino, na kwenye tangazo wameipa mistari miwili tu.

Utaratibu ni huu. Unamlipa wakala hoteli za wiki nzima, kifungua kinywa, usafirishaji wa mizigo na ramani ya kwenye simu inayofanya kazi hata bila mtandao. Kiongozi hakuna. Asubuhi unaliacha begi kubwa mapokezi, unabeba maji na koti la mvua, jioni unalikuta begi lako hoteli ya mbele. Nauli za treni na boti, chakula cha mchana na cha jioni ni juu yako. Mimi nilikwenda na mama mdogo, mwenye miaka sitini na ushee na magoti yenye maoni yake, kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyapima kwa miguu ya watu wawili tofauti sana.

Kwa sisi tunaotoka Dar kuna jambo la visa. Ombi la visa ya Schengen, visa moja ya nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Italia, linataka uthibitisho wa malazi ya kila usiku, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na ada ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima. Hapa kifurushi kinasaidia: hati moja ya wakala yenye majina ya hoteli zote na tarehe zake inatosha badala ya kuhangaika na hoteli moja moja. Tatizo ni kwamba wakala wetu ana kawaida ya kutoa hati hizo karibu na safari. Ilibidi nimwandikie mara kadhaa, nikimweleza kwamba mteja wa Tanzania hawezi kusubiri kama mteja wa Uholanzi. Zidai siku ileile unayolipa malipo ya awali.

Camogli ni mji wa wavuvi, chini ya saa moja kwa treni kutoka Genova. Nyumba zake ndefu zimepakwa manjano na wekundu wa udongo, na madirisha mengi unayoyaona ni ya uongo, yamechorwa ukutani pamoja na vivuli vyake. Mama mdogo alibishana nami kuhusu paka aliyekaa dirishani, mpaka tulipopita tena baada ya chakula cha jioni tukamkuta hajasogea. Hoteli yetu ilikuwa mojawapo ya nyumba hizo, haina lifti, ngazi nyembamba, lakini ukifungua dirisha (la kweli) bahari iko hapo hapo.

Asubuhi nilipanda ngazi za mawe hadi kanisa la San Rocco, zaidi ya mita 200 juu ya bahari. Hapo njia inagawanyika. Ya chini inapita kwenye mahandaki ya kijeshi ya Vita Kuu ya Pili, na mbele yake kuna sehemu unazoshikilia minyororo iliyopigiliwa kwenye jabali huku maji yakipiga chini yako. Maelezo ya wakala yanasema wazi kwamba ni ya wazoefu, na wamesema kweli. Ya juu inakatiza msituni, ina kivuli, inapanda taratibu kisha inaporomoka ghafla hadi San Fruttuoso. Nilichukua ya juu, na bado mapaja yalitetemeka kwenye mteremko.

San Fruttuoso ni abasia, yaani makazi ya watawa, ya kale iliyojibana kwenye kijighuba, na barabara haifiki kabisa. Unakwenda kwa miguu au kwa boti. Ndani kuna makaburi ya ukoo wa Doria wa Genova, na tangu 1983 jengo lipo chini ya FAI, taasisi ya Italia ya kutunza urithi. Nje kidogo, kama mita 17 chini ya maji, imesimama sanamu ya shaba ya Yesu aliyeinua mikono, iliyozamishwa mwaka 1954. Wapiga mbizi huiendea. Sisi wengine tunaridhika na kuambiwa ilipo.

Mama mdogo alikuja kwa boti kutoka Camogli. Nilimkuta amekaa kwenye kokoto, kavua viatu, anakula mkate wa focaccia alioununua bandarini. Aliniangalia nilivyolowa jasho akaniuliza, "Kwani mwanangu, nauli ya boti hukuwa nayo?"

Hili ndilo linaloifanya siku hii iwe bora. Boti na kijia vinakutana, kwa hiyo asiyetembea na anayetembea wanasafiri pamoja. Yeye akaendelea kwa boti ya mchana, mimi nikapanda tena. Kipande cha kwanza kinakata pumzi, kisha njia inanyooka kando ya mlima kati ya misonobari na mashamba ya mizeituni. Hapungui mtu njiani, lakini hakuna foleni. Portofino yenyewe ni bandari ndogo yenye boti za kifahari na bei za kifahari. Kunywa kahawa yako ukiwa umesimama kaunta kama wenyeji, maana ukikaa mezani bei ni nyingine, kisha ondoka kwa njia ya miguu kupitia Paraggi hadi Santa Margherita.

Sasa Cinque Terre. Siyo kwamba ni mbaya, la hasha. Kutoka mji wa Levanto kwenda Monterosso, kijiji cha kwanza kati ya vile vitano, kupitia rasi ya Mesco ni matembezi mazuri, hayahitaji tiketi, na ukifika kwenye magofu ya makazi ya watawa ya Sant'Antonio unaviona vijiji vyote vitano vimejipanga kuelekea kusini. Shida inaanza Monterosso kwenda Vernazza, kijiji kinachofuata. Kijia ni chembamba, na meli kubwa za watalii zinazotia nanga bandari ya La Spezia zinamwaga watu kwa mamia. Ukianza saa moja asubuhi unatembea kwa raha. Ukianza saa nne, kila hatua mmoja wenu lazima ajibanze ukutani ili mwingine apite.

Ukuta huo lakini uutazame. Mlima mzima umekatwa matuta, yanayonikumbusha Lushoto ila haya yameshikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, kazi ya karne nyingi. Zabibu hubebwa kwa kitoroli kinachopanda reli moja nyembamba, na nilimwona mzee mmoja amekaa juu ya kitoroli hicho kama yuko kwenye kochi la sebuleni. UNESCO waliliorodhesha eneo hili mwaka 1997, na mwaka 1999 likawa hifadhi ya taifa. Matuta yakiachwa bila matunzo ardhi hushuka. Oktoba 2011 mvua kubwa ilisomba matope hadi katikati ya Vernazza na Monterosso, na watu walikufa. Ndiyo maana ikitolewa tahadhari ya hali ya hewa njia hufungwa, na wakala hakurudishii kitu kwa hilo. Usikasirike, panda treni.

Treni ndiyo mkombozi wa mama mdogo huku. Kadi ya hifadhi yenye treni inakupa safari bila kikomo kati ya Levanto na La Spezia pamoja na njia zinazolipiwa. Via dell'Amore, kipande kifupi cha njia kati ya vijiji vya Riomaggiore na Manarola, kilifungwa mwaka 2012 baada ya mawe kuporomoka, kikafunguliwa tena 2024. Chenyewe kina malipo ya ziada. Kijiji cha Corniglia kipo juu, na kutoka stesheni kuna ngazi ya vipandio karibu 380. Kuna basi dogo. Pandeni basi. Na msiende njiani na malapa: faini ni kati ya euro 50 na 2,500.

Chakula kilitupendeza kuliko tulivyotarajia, hasa kwa kuwa sisi hatuli nguruwe na tulidhani tutabanwa. Pwani hii inakula samaki, pasta za trofie zenye mchuzi wa pesto wa majani ya mrehani, na farinata, chapati nene ya unga wa dengu inayookwa kwenye sinia pana la shaba. Vile visamaki vya Monterosso, acciughe, ni ndugu wa damu wa dagaa mchele wa Zanzibar, wamelowekwa kwa chumvi na limau. Mama mdogo alisema wamekosa pilipili tu. Kwenye bili utaona "coperto", malipo ya kukalia meza, na hotelini utadaiwa kodi ya mji kwa kila usiku, mara nyingi taslimu. Wakala alituandikia hayo yote mapema, namshukuru.

Nyota niliyoikata ni ya hoteli ya mwisho. Tulilipia nyongeza ya chumba cha kutazama bahari, tukapewa jengo la nyuma linalotazama ukuta na kamba ya nguo za jirani. Mapokezi walitabasamu sana na hawakubadilisha chochote. Nilipiga picha usiku uleule nikamtumia wakala, na nyongeza ilirudishwa baada ya wiki chache, bila maelezo mengi.

Ukitaka kwenda, chagua Mei au mwisho wa Septemba, wakati boti zinatembea na joto halijakuwa adhabu. Na kabla hati hazijatolewa, mwombe wakala akupunguzie usiku mmoja Cinque Terre auhamishie Camogli. Wanabadilisha bila malipo ikiwa hoteli ina nafasi. Wenzetu tuliokutana nao kifungua kinywa walifanyiwa hivyo.