Nakala za "Mikono Inayosali": ipi itavumilia unyevu wa ziwa?

Hapa Mwanza, kuanzia Isamilo hadi Nyegezi, malalamiko ni yaleyale: picha imenunuliwa ghali, namba ya nakala kwa penseli ipo ukingoni, lakini masika moja tu imejikunja kama shuka lililolaliwa na kingo zimepiga rangi ya chai. Muuzaji akiulizwa anasingizia hali ya hewa, kana kwamba hakujua anamuuzia mtu wa Mwanza.

Kwanza mchoro wenyewe. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer aliuchora mwaka 1508 kwa brashi na wino, kwenye karatasi iliyopakwa buluu, akaongeza mistari myeupe pale mwanga unapoangukia mikono. Uko kwenye makumbusho ya Albertina, Vienna, na ni mdogo, kama sentimita 29 kwa 20. Ile nakala ya kahawia iliyojaa sebuleni kwa watu imeshapoteza nusu ya kazi.

Ya kwanza kwangu, bila kusitasita, ni iliyochapwa kwa wino wa pigimenti juu ya karatasi ya Hahnemühle Photo Rag: pamba tupu, gramu 308 kwa mita ya mraba. Ndiyo, naipendelea. Inashika buluu ile bila kung'aa kama kalenda.

Ya pili ni kolotaipu ya zamani, yaani picha iliyochapwa kwa bamba la jelatini bila vidoti, ukibahatika kuipata. Ukiiangalia kwa lenzi ya kukuza mara 10 huoni vile vidoti vilivyojipanga kama maua. Ukiviona, hiyo ni ofseti, uchapaji wa kawaida wa mashine kama wa vitabu na kalenda. Ofseti kwenye karatasi isiyo na asidi ndiyo ya tatu. Bango la mtaani litundike jikoni.

Sasa kasoro ambayo hakuna anayeiuliza: mgongo. Fundi fremu wengi hupaka gundi ya mbao kwenye hadibodi na kuibandika picha yote. Karatasi hunywa unyevu ikatanuka. Ikishikwa pande zote haina pa kwenda, inavimba mawimbi. Asidi ya hadibodi nayo inaila taratibu kutoka nyuma. Dai kadibodi isiyo na asidi mbele na nyuma, na picha ining'inie kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani upande wa juu tu, kwa gundi ya wanga wa ngano. Selotepu marufuku. Kioo kisiguse picha. Nyuma ya fremu, pembe za chini, weka vipande vya raba vya milimita 5 ili hewa ipite, na usiitundike kwenye ukuta uliochimbiwa mlimani. Kuta hizo hutoa jasho.

Kuhusu namba, tusidanganyane. Dürer alifariki mwaka 1528, kwa hiyo namba kama 27/250, yaani nakala ya 27 kati ya 250, ni ahadi ya mchapaji, na mchoro huu yeyote anaruhusiwa kuuchapa. Wapo wanaouza 250 za saizi hii, 250 za saizi ile, na nyingine za turubai, zote wakiziita "toleo maalumu", halafu bei inapanda kwa sababu ya cheti chenye muhuri wa dhahabu. Cheti cha maana kinataja karatasi, wino, tarehe na jumla ya nakala za saizi zote, pamoja na zile za majaribio. Kisipotaja, lipa bei ya picha ya kawaida.

Na fundi akisema ukingo ni mpana, ataupunguza kidogo uingie kwenye fremu aliyonayo, chukua picha yako uondoke. Namba ipo kwenye ukingo huo.