Mvinyo wa mizabibu mikongwe ulioanikwa dirishani Mtwara

Nimeshaandika na kufuta mara mbili kwa hasira. Jina la duka silitaji, lakini niliyofanyiwa nayasema.

Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto, mvua bado, joto la Mtwara mnalijua. Kaka yangu mkubwa alikuja kutoka Masasi, amestaafu, nikataka tunywe kitu cha heshima. Nikaona chupa ya mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini, Pinotage, ina muhuri shingoni wa mizabibu ya urithi. Muhuri ule haupatikani hivi hivi: mizabibu lazima iwe imefikisha miaka 35, na mwaka iliyopandwa unaandikwa palepale. Wa chupa yangu ulikuwa 1974.

Mwaka ule ndio baba yetu alihamishwa kwenye Operesheni Vijiji, akaiacha mikorosho yake porini, mbali na kijiji kipya. Msimu wa 1973/74 nchi ilipata korosho tani zipatazo 145,000, kisha mavuno yakaporomoka. Watu walikuwa huku, miti iko kule. Sasa nashika chupa ya watu waliobaki na miti yao tangu mwaka uleule, wakaipogoa na kuipalilia, ingawa mzabibu mkongwe huzaa vichala vichache na wenzao wengi waling'oa wakapanda michanga. Ilinigusa sana. Nikatoa Sh 95,000, sikuomba hata kupunguziwa.

Nyumbani nikabandua karatasi ya shingoni. Kizibo kimeinuka, kimetokeza juu ya mdomo wa chupa, na mchirizi mwekundu umekaukia ubavuni, ukiugusa unanata. Nikajua ni joto. Mvinyo ukipata joto huvimba, ukasukuma kizibo, hewa ikaingia. Kaka akanusa, akasema taratibu, "Hii kama matunda yaliyoungulia sufuriani." Mdomoni ulikuwa utamu mzito, halafu uchachu. Miti imetunzwa miaka yote hiyo, mtu anakuja kuupika mvinyo wake kwenye dirisha la duka, chupa imesimama wima, jua la alasiri likiipiga!

Nikarudi na chupa. Mwenye duka hakuinua hata macho kwenye simu. "Mama, pombe haiozi. Umeshafungua, umeshanunua." Nikamwonyesha kizibo. "Sasa unataka nikurudishie hela kwa kizibo?" Wateja wakacheka. Mimi mtu mzima, nimesimama pale na kizibo mkononi.

Nilikuwa nimeshatoka nje kijana anayepanga kreti aliponifuata. "Shikamoo mama. Samahani, zipo nyingine stoo." Akanipeleka nyuma, chumba cha giza, sakafu ya saruji ina ubaridi, chupa zimelazwa ndani ya boksi lao. Mvinyo uleule, mwaka uleule. Nikalipa tena bei ileile, na hilo bado linaniuma, ila kaka alikuwa anaondoka kesho yake.

Ya pili, jamani. Harufu ya zambarau zilizoiva, moshi kwa mbali, na mwishoni ukakasi kidogo unaokausha ulimi kama umeng'ata bibo. Kaka alikaa kimya na glasi muda mrefu. Halafu akaanza kuitaja mikorosho ya baba mmoja mmoja, ule wa kisimani, ule uliopigwa radi, mambo ambayo mimi mdogo wake sikuwahi kuyasikia. Chupa tupu alienda nayo Masasi.

Nilikusudia kuwaambia msiununue. Siwezi tena, mvinyo hauna kosa. Nunueni, lakini ombeni wa stoo, na pitisheni kidole juu ya kizibo kabla ya kutoa pesa. Kikiwa kimevimba, rudisheni. Mkimkuta yule kijana, mwachieni chochote. Mwenye duka sijamsamehe. Juzi nimepita, zile za dirishani bado zipo, nne, zimesimama juani.