Popo Hawakuruka: Filamu Niliyoitazama kwa Miwani Iliyopinduliwa

Nilitaka kuandika tathmini hii usiku ule ule nilipotoka ukumbini, nikajizuia kwa kuwa hasira zilikuwa zimenipanda kupita kiasi. Siku zimepita na hazijashuka, kwa hiyo naandika nazo hivyo hivyo. Filamu yenyewe ni ya familia, ya safari na mikasa: mama mmoja na watoto wake mapacha wanaingia pangoni kumtafuta babu aliyepotea, wanavuka daraja la kamba, wanasombwa na mto wa chini ya ardhi, na mengine ambayo yeyote anaweza kuyaona kwenye trela. Kilichotufanya mimi na dada yangu tukubali kulipa zaidi ya tiketi ya kawaida ni zile pande tatu, yaani 3D, zilizonadiwa kwenye kila bango. Tulitaka wanawe waone popo wakiwarukia usoni.

Popo hawakuruka. Tangu picha ya kwanza kulikuwa na kasoro ambayo macho yaliikataa kabla akili haijaielewa. Mama wa mapacha alisimama mbele ya ukuta wa jiwe, na kwa namna isiyoelezeka ukuta ndio uliokuwa karibu nasi, huku yeye akionekana kama dirisha lililokatwa ukutani kwa umbo la mtu. Maandishi ya tafsiri, ambayo kwa kawaida huelea mbele ya kila kitu, yalikuwa yamezama ndani, nyuma ya mavazi ya wahusika, na kuyasoma kuliyachosha macho kupita kiasi. Wahusika walipofika kwenye korongo, mahali ambapo bila shaka mwongozaji alitaka tushike viti kwa hofu, korongo lilituna na kutujia, na daraja la kamba likabaki limefukiwa chini ya shimo ambalo lilitakiwa kulivuka. Dada yangu alivua miwani na kufumba macho. Mwanawe mkubwa alisema kichwa kinamgonga.

Nikatoka kumtafuta mhudumu, na hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu, maana mitambo huharibika popote na mtu mwenye busara husamehe. Nilimkuta kijana mlangoni, ameketi kando ya kasha la miwani, macho yake yako kwenye simu. Nilimsalimu, nikamweleza kwa utaratibu kwamba vitu vya mbali vinaonekana karibu na vya karibu vinaonekana mbali. Hakuinua uso. "Mzee, hiyo ni 3D," akasema. "Macho yako hayajazoea." Nikamwomba aingie walau dakika moja ajionee mwenyewe. Akajibu kwamba kazi yake ni tiketi na miwani. Nilipouliza ni nani anayeshughulika na projekta, akaniuliza mbona wengine hawajalalamika, kisha akachukua miwani nyingine kutoka kwenye kasha, yenye alama za vidole vya mtu mwingine juu ya vioo vyote viwili, akaninyooshea kwa mkono wa kushoto bila neno la ziada. Ningeweza kuvumilia ujinga wake wa mitambo, kwa sababu hakuna aliyezaliwa anajua projekta. Kilichoniuma ni ile "mzee" iliyotamkwa kama hitimisho la uchunguzi wa daktari.

Nilirudi kitini nimekwisha kuamua kwamba filamu hii ni takataka na kwamba ukumbi huu ni pango kuliko lile la kwenye skrini. Ndipo mpwa wangu mdogo, ambaye kwa uchovu alikuwa ameanza kuichezea miwani yake, akanivuta shati. "Mjomba, hivi ndivyo inakaa vizuri!" Alikuwa ameipindua juu chini: mikono ya miwani imepanda juu ya masikio, pale pa kukalia pua pameangalia dari, naye ameizuia isianguke kwa vidole gumba viwili. Nilimfanyia staha ya kujaribu, nikiamini kwamba namfurahisha mtoto tu.

Korongo likashuka. Sina namna nyingine ya kulieleza. Lile jabali lililokuwa limetutunia likarudi chini kwa mara moja, daraja likapanda mahali pake, na kwa mara ya kwanza nikaona kile ambacho waliotengeneza filamu hii walikuwa wamekifanya. Pacha wa kike anaiangusha tochi yake. Kamera haimfuati mtu. Inabaki juu, nasi tunaitazama tochi ikishuka huku ikizunguka, mwanga wake ukigusa ukuta wa kushoto, kisha wa kulia, kisha wa kushoto chini zaidi, mpaka duara la mwanga linakuwa nukta na nukta inazimika. Hakuna kinachorushwa usoni mwa mtazamaji, hakuna kelele. Ni kina tu, kinachopimwa kwa mwanga. Dada yangu, ambaye tulikuwa tumemwamsha na kumgeuzia miwani yake, alivuta pumzi kwa sauti. Mimi nilisahau kwamba nimekasirika, na nakiri kwamba kwa muda huo niliona ni miongoni mwa filamu bora za familia nilizopata kutazama.

Si bora kiasi hicho, hata hivyo. Sehemu yake ya mwisho ni bapa, watu wamepangwa kama tabaka za karatasi, jambo linalonifanya nishuku kwamba sehemu hiyo ilipigwa kwa kamera ya kawaida na kina kikaongezwa baadaye kwenye kompyuta. Tena kuna suala la giza. Miwani ya namna hii huzuia sehemu kubwa ya mwanga, na projekta moja inapoyahudumia macho mawili kwa zamu, kila jicho hupata pungufu zaidi. Mara nyingi kinachobaki ni kama theluthi ya mwanga wa filamu ya kawaida, au hata chini ya hapo. Mwongozaji anayejua hayo, kisha akaamua kuweka zaidi ya nusu ya hadithi yake ndani ya pango, ana maswali ya kujibu.

Lakini namrudia yule kijana, kwa sababu kasoro yenyewe si fumbo. Kila jicho lina picha yake, na vioo vya miwani huchuja ili ya kushoto isifike kulia. Zamu za projekta zikigeuka, jicho la kushoto hupewa picha ya kulia, na ubongo husoma umbali wote kinyumenyume. Miwani ikipinduliwa, kioo cha kulia huja kushoto, na kosa moja hulifuta lingine. Mwingereza Charles Wheatstone alitengeneza kifaa cha kugeuza kina namna hiyo kwa makusudi mwaka 1852. Tena kuna walio na udhuru: mwaka 1952, filamu ya Bwana Devil, iliyohusu simba wala watu wa Tsavo wakati wa ujenzi wa reli, ilionyeshwa kwa projekta mbili zilizolazimika kwenda sambamba, na moja ikitangulia kidogo tu watazamaji waliumwa kichwa. Mwendesha mitambo wa enzi hizo alikuwa na kazi ya kukesha. Leo, katika mitambo mingi, ni suala la kubadilisha mpangilio mmoja, na mtoto ambaye hajamaliza shule ya msingi aliligundua tatizo akiwa kitini.

Tulipotoka, foleni ya onyesho lililofuata ilikuwa imekwisha kujipanga, na kijana anagawa miwani ile ile. Nilimuuliza kama kuna aliyekwenda kuangalia projekta. Akasema anasubiri msimamizi. Nikamweleza mama mmoja wa kwenye foleni, mwenye watoto watatu, kwamba wakiona korongo limetuna waipindue miwani. Alinitazama kwa mashaka, na simlaumu, maana ushauri huo ukiusikia kwa mtu usiyemjua mlangoni mwa sinema hauna heshima yoyote. Kijana akaniambia naziba njia.

Filamu nilikuwa nimeipangia nyota nne. Nikiikumbuka ile sehemu ya mwisho nazishusha ziwe tatu, na nikiikumbuka tochi nazirudisha. Mtu mwenye watoto aende, ila aiangalie trela ya kwanza kwa makini, na kama maandishi yamezama nyuma ya watu asimame papo hapo adai msimamizi, si mhudumu. Ukumbi ule niliapa sitaukanyaga tena. Tatizo ni kwamba mpwa wangu ameshaambiwa kuna sehemu ya pili inakuja, na amekwisha kuniuliza tutakwenda lini.